Pointi Nne za Mjukuu, Kumi na Sita za Jirani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa mimi si mtu wa kuomba misaada, uliza Kariakoo yote, Ubeid wa mizani ndiye anayeombwa, lakini safari hii jambo limeniingilia ndani ya nyumba, watu wangu wote wamesimama upande mmoja na mimi peke yangu upande mwingine, ndiyo maana naandika kwa mkono wangu bila kumtuma mtu, na mwandiko usikutishe, nilisoma mpaka darasa la tatu, mwalimu akataka kunirusha mpaka la tano nikamkatalia, nilikuwa nimeshajua vya kutosha.

Mimi nauza na kutengeneza mizani, za mawe, za kuning'iniza, za kusimama na sasa hivi hizi za betri, wateja wananifuata kutoka Komoro na Kongo, na embe nikilishika mkononi nakwambia uzito wake kabla hujaliweka kwenye sahani, kwa hiyo asije mtu akanifundisha mimi kipi kingi na kipi kichache.

Sasa ninaye mjukuu wangu, Rawan, nimemlea mimi na bibi yake, Bi Saadiya, hapa nyumbani Ilala, msichana ana akili na ana heshima, kila asubuhi kabla sijaenda dukani ananifunga kile kitambaa cha mkononi ananipima presha, na hapo pia nashukuru Mungu, maana majuzi imefika mia moja tisini na nane, hakuna mzee pale kijiweni kwetu kwenye kahawa anayeifikia, Mzee Seifu anajitapa na mia moja na thelathini yake, nikamwambia Seifu wewe bado mtoto, basi nyumbani badala ya kunipongeza bibi yake Rawan kaingiwa na wivu, kanificha chumvi. Lakini hilo tuliache.

Tangu yuko shule ya msingi Rawan anasema atakuwa daktari, nami nikawatangazia pale kijiweni kwamba jamani mkiugua jikazeni kidogo, daktari wangu yuko njiani. Kamaliza kidato cha sita, kasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, matokeo yakatoka, narudi nyumbani nakuta vigelegele, majirani wananikumbatia, namuuliza mjukuu wangu umepata nini, ananiambia, "Babu, nimepata Division One ya pointi nne."

Pointi nne, mshauri. Timu inayoshuka daraja inazo zaidi ya hizo. Na hiyo Division yenyewe ni ya kwanza, yaani ndiyo kwanza anaanza, mimi babu yake nilifika la tatu. Nilikaa chini nikaomba maji.

Uchungu ukanizidi kesho yake, maana jirani yangu wa duka, Gaudens, naye anauza mizani, tumeshindana miaka yote na sijawahi kumpa nafasi, na mjukuu wake Jacqueline alikuwa darasa moja na Rawan, basi yeye kapata Division Three ya pointi kumi na sita. Gaudens akachinja mbuzi, akaita watu wa tarumbeta wakapiga mpaka mbele ya duka langu, nikaalikwa, nikaenda na Rawan, nikala pilau yake. Yule binti nilimkuta kajificha nyuma ya turubai ameinamisha kichwa, nikampa hongera zake, akaniambia, "Babu Ubeid, shikamoo, naomba tusiyazungumzie haya matokeo," nikamgeukia Rawan nikamwambia unaiona adabu hiyo, mwenzako ana kumi na sita na wala hajivuni, wewe na nne zako umevaa gauni jipya.

Rawan akaniambia, "Babu, pointi zikiwa chache ndiyo umefaulu."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo wanavyohesabu, babu. Nchi nzima."

"Hao wanaohesabu wamewahi kuuza mizani?"

Akanyamaza. Nikajua nimemshinda kwa hoja.

Sasa mtoto anataka kuomba udaktari kwenye kile chuo kikubwa ambacho watu wanagombania nchi nzima, nafasi kidogo na waombaji kama siku ya sikukuu, nikamwambia huendi kokote na pointi nne, subiri kwanza nizungumze na watu. Nikaenda kwa Khalfani, kijana wa duka la kutoa kopi ambaye vijana wote wanafanyia maombi yao ya vyuo kwake, nikamwambia kwa sauti ya chini mjukuu wangu kapata nne. Khalfani akaruka kutoka kwenye kiti chake, akasema, "Mzee wangu, kwa nne hiyo we kaa hapo nikuletee soda." Nikainywa ile soda, lakini nilijua ni ya kunipa pole.

Ndipo likanijia wazo, na hapa ndipo utakapoona kwamba darasa la tatu la zamani si la mchezo. Sisi Kariakoo mteja akitaka mizani ya kilo mia na mimi imeniishia, simwambii sina, namkalisha, namshikisha soda, natokea mlango wa nyuma naenda kuchukua ya jirani, narudi naifuta vumbi kama nimeitoa stoo, na siku jirani akiishiwa naye anakuja kwangu, ndivyo soko linavyokwenda tangu enzi na hakuna anayekosa mteja. Nikamfuata Gaudens, nikameza kiburi, nikamwambia ndugu yangu wewe una kumi na sita na mimi nina nne, nipunguzie sita, tutakuwa na kumi kumi, watoto wetu waende chuo wote, na siku wajukuu zako wengine wakipungukiwa utakuja kuchukua kwangu. Gaudens akafikiri, akanywa chai, akasema amekubali kwa sharti nimwachie kibaraza changu cha mbele apange mizani zake mpaka mwaka mpya. Kibaraza changu, mshauri, kile ambacho mteja akitokea Msimbazi ndicho anachokiona kwanza. Nikakubali. Tumeshapeana mkono.

Rawan aliposikia alilia mpaka bibi yake akatoka jikoni na mwiko. "Bwana Ubeid," ananiambia, "mpe mtoto simu yake, unatuaibisha," maana nilisahau kukwambia, simu ya Rawan ninayo mimi, nimeifungia kwenye kabati la dukani, kwa sababu maombi ya chuo hata kwa Khalfani hayaendi bila namba ya siri inayoingia kwenye hiyo simu na nilijua nikigeuka tu atayatuma na hizo nne zake. Dirisha la maombi linafungwa Jumamosi. Bi Saadiya sasa ananiwekea chai mezani bila salamu, chai haina sukari, na kichwa kinanigonga tangu juzi, nadhani ni mawazo ya hizi pointi.

Usinione mkatili, mama. Nilipokuwa kijana niliwahi kwenda ofisi moja kuomba kazi, karani akaushika mwandiko wangu akawaonyesha wenzake, wakacheka wote, nikasimama pale mlangoni mpaka walipomaliza. Sitaki Rawan naye asimame mlango wa chuo na pointi nne mkononi. Basi niambie mawili tu, pointi za jirani zinahamishwa ofisi gani, na je, kumi zinatosha udaktari au nirudi kwa Gaudens kuongeza?

Wako, Ubeid wa Mizani, Mtaa wa Narung'ombe, waulize watakuonyesha.

*

MAMA NAJMA ANAJIBU

Mzee Ubeid, shikamoo. Nakuamkia mapema, maana nikishaanza kukusema sijui kama nitaikumbuka.

Kwanza inuka. Jibu hili ulilonalo mkononi liweke kando, fungua lile kabati, toa simu, mpe Rawan. Kama uko nyumbani, nenda dukani. Mengine utayasoma ukirudi.

Umerudi? Haya. Mjukuu wako amekwambia kweli, na amekwambia kwa adabu, na wewe ukadhani kunyamaza kwake ni kushindwa. Kidato cha sita wanahesabu kama mbio: wa kwanza anapewa namba moja, si namba mia. Ukipata A somo moja ni pointi moja, B mbili, na unaendelea hivyo mpaka aliyeanguka kabisa, ambaye anabebeshwa saba. Masomo yanayohesabiwa ni matatu, kwa hiyo hakuna mtoto anayeweza kupata chini ya tatu. Rawan ana nne. Maana yake kapata A mbili na B moja, kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, tena akiishi nyumba moja na babu anayeuliza wanaohesabu wameuza mizani ngapi. Division One ndiyo ya juu. Darasa lako la tatu halihusiki hapa, mzee wangu, liache lipumzike.

Sasa elewa ulichotaka kufanya. Ulitaka kumtoa mtoto kwenye nne umpeleke kumi, na ukalipia kwa kibaraza. Kungekuwa na ofisi ya kuhamishia hizo pointi, ungeufunga mlango wa chuo kwa mkono wako mwenyewe na kumshukuru Gaudens kwa msaada. Nafuu ni kwamba ofisi hiyo haipo. Pointi si mizani ya kilo mia. Hazitokei mlango wa nyuma.

Umeuliza kama kumi zinatosha udaktari, yaani matokeo yana uzito gani kwenye chuo cha kugombaniwa. Yana uzito kuliko kitu kingine chochote ulichonacho, pamoja na jina lako lote la Narung'ombe. Udaktari hawamwangalii mtoto usoni, hawamuulizi babu yake nani. Wanaangalia kwanza kama yale masomo matatu yamefika kiwango, halafu wale waliofika, na ni wengi, wanapangwa kuanzia wenye matokeo bora mpaka viti viishe. Kwa hiyo hata nne si ahadi. Wapo wenye tatu, wapo wenye nne wenzake wengi. Rawan aombe chuo hicho, aweke na cha pili na cha tatu, aombe leo, asingoje Ijumaa mtandao ukawa kama Msimbazi mkesha wa Idi. Akikosa chaguo la kwanza akapata la pili, sitaki nisikie umesema "niliwaambia." Hukuwaambia kitu.

Na hakuna atakayemcheka mlangoni. Yule karani wako alikosa adabu, nami nakupa pole ya kweli, hiyo si ya soda. Lakini mlango ule ulikuwa wako. Huu ni wa Rawan, na umemsimamisha nje wewe mwenyewe kwa kumfungia simu.

Jacqueline naye mumwache. Mtoto amejificha nyuma ya turubai anaomba yasizungumzwe, na wazee wawili mnampigia tarumbeta. Hakuwa anaonyesha adabu pale, alikuwa anaficha machozi. Zipo njia nyingine za kusoma kwa matokeo yake, na Gaudens akishajua ukweli mwambie amkalishe amuulize anapenda nini, bila mbuzi. Na kibaraza chako kinarudi. Mlipeana mkono kwa bidhaa ambayo haipo, hata sokoni kwenu biashara hiyo imekufa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo uliliandika mwanzoni ukasema tuliache. Sitaliacha. Mzee Ubeid, presha ya mia moja tisini na nane si ushindi. Ni ileile hesabu ya pointi: anayekushinda ni Mzee Seifu na mia moja na thelathini yake, na huyo umemwita mtoto. Kichwa kinachokugonga si mawazo, na Bi Saadiya hana wivu, anataka kuendelea kuwa na mume wa kumnunia. Leo hii, ukishampa Rawan simu, mwambie akupeleke hospitali. Si kesho, si baada ya kufunga duka. Nenda umeketi kwenye bajaji, usitembee kwa miguu kuonyesha nguvu, na ukifika sema namba uliyoniandikia, kwa sauti ya kawaida, bila kujivuna. Watakachokupa kunywa, kunywa. Chumvi iliyofichwa usiitafute.

Huyo msichana kila asubuhi alikuwa anakufunga kitambaa mkononi na kukwambia hali yako, na hukumsikia, kama ambavyo hukumsikia kwenye pointi. Chuo kitayapima matokeo yake. Uvumilivu wake kwako hakuna fomu itakayouuliza, ingawa ndio ungetosha kumpa udaktari.

Wiki hii kunywa dawa, msikilize Rawan, mwombe radhi mbele ya bibi yake. Presha ikishuka na maombi yakishatumwa, chinja mbuzi wako, ita tarumbeta, mwalike Gaudens na mwiteni Jacqueline akae mbele. Na pale kijiweni wakikuuliza kuna nini, waambie nyumba ya Ubeid siku hizi inashindana kwenda chini, na mpaka sasa mjukuu anaongoza.