Matete Yasiyo ya Kwetu

Dada Koku mpenzi, u mzima? Mimi niko Kamachumu, nimepotea kwetu. Kaburi la mama nililitafuta kando ya bonde la matete, kama ulivyonielekeza. Nilipoyaona nikavua kofia. Mwanamke aliyekuwa akiyakata akacheka: "Tata, unayavulia kofia maji ya kufulia ya zahanati? Matete haya tumeyapanda sisi wanakijiji. Maji yanaingia machafu, mizizi inayachuja, yanatoka haya." Kweli, yalikuwa maangavu. Bonde letu lilishakaushwa, sasa ni kabichi, na migomba imejaa pande zote mbili. Hata vyura wamehamia matete mapya. Nikumbushe, dada: tukienda kaburini asubuhi, jua lilitupiga usoni au mgongoni? Nijue kaburi liko upande upi wa bonde. Ule vizuri, uote moto. Nduguyo, Felisiani.