Jiwe la Mkaidi

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu haitiki, lakini ulinikataza kuanza mazungumzo na mkubwa bila kumwamkia, na mimi bado nakuogopa.

Tangu tukuzike tumehamishwa. Kijiji kizima kimepangwa huku juu kando ya barabara, nyumba zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Kule chini yamebaki mahame, na kaburi lako. Darasa lako la Jiografia nimepewa mimi, pamoja na kasha la mchanga, kopo la matundu, na lile jiwe jeusi la katikati ya mchanga, uliloliita Mkaidi kwa kuwa maji hayakulisogeza. Ulikuwa ukimwaga maji kwa kopo, ukipuliza mchanga mpaka macho yanakutoka, tunacheka, halafu unatuambia hata sayari ya Mirihi ina makorongo, sembuse Ufipa. "Upepo na maji havina haraka," ulisema, "ila havilali."

Basi na mimi silali. Tangu masika yaanze, kila asubuhi nikifungua darasa nakuta mchanga umechimbika. Dirisha limefungwa, paa halivuji, mchanga mkavu kabisa! Ni mfereji mmoja, kila siku umesogea, unamwelekea Mkaidi. Watoto hawataki tena dawati la mbele. Wananong'ona: "Mwalimu mkubwa anafundisha," yaani wewe. Niliwakemea, Baba, huku nami nimesimama mbali na kasha.

Mwisho nikautambua ule mteremko wa mchangani. Ni wa mahame yetu. Nikashuka peke yangu, upepo ukivuma ndani ya nyumba zisizo na milango, nikakuta korongo jipya limekaribia miguu yako. Nililia, sikufichi. Nilidhani nitakupoteza mara ya pili.

Kumbe bwana shamba alikuwa ametuambia tulime matuta marefu yanayoteremka na mlima, yapendeze kutoka barabarani. Maji yote ya shamba la kijiji yakapata njia moja, kwako. Maji hufuata mkondo.

Nikasema mkutanoni. Bwana shamba akafoka. Bibi, mama yako, alichukua jembe. Tukaenda na darasa zima, tukayakata matuta yale, tukarudisha ntumba za kwetu: majani unayalaza, udongo unafunika juu, vilima vya duara vimetapakaa, maji yakose pa kukimbilia. Mvua ya kwanza baada ya hapo ilipokuja, watoto waliyaona maji yakizunguka, yakichoka, yakituama. Wakasahau hata kuogopa.

Jana mvua ilipiga kweli kweli. Leo asubuhi nimefungua darasa: mchanga umesawazishwa, na alama za vidole juu yake. Mkaidi hayupo. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga yangu, Baba.

Nimemkuta kaburini, upande wa miguu, amekaa sawasawa. Korongo limeishia mbele yake.

Sitamwondoa. Ntumba nitazifanya kila masika, na watoto hawa watawafundisha wenzao, nakuahidi. Wewe pumzika sasa, na darasani usije tena, unawatisha wanafunzi.

Kesho tuna somo la upepo. Dirisha nitaliacha wazi kidogo.

Mwanao