Bibi Minza na Sauti ya Mumewe

Mama Neema mpenzi,

Hamjambo nyumbani? Mimi mzima, ila vumbi la Kishapu limenifanya mwekundu. Leo nimempelekea Bibi Minza sauti ya marehemu mumewe, mzee Masanja, aliyekuwa dereva kwenye mgodi wa almasi kule Mwadui. Nilimrekodi kabla hajafariki, na mazungumzo hayo nataka kuyachapisha kwenye jarida letu. Niliogopa bibi angekataa.

Alinitengea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akaketi mkekani, nikawasha kinasa sauti. Mzee akasimulia malori na matope, halafu akasema, "Mke wangu nilimwona mnadani, nikamfuata mpaka akanikubali."

Bibi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mara akadakia, "Mwongo huyu! Mimi ndiye niliyemwona kwanza! Nilimtuma shangazi yangu akaulizie kwao." Akacheka, akakiinamia kile kinasa sauti kana kwamba mumewe yumo ndani: "Masanja, sema ukweli!" Kisha akanigeukia. "Wabeja, mwanangu, asante. Chapisha. Lakini na mimi unirekodi."

Tulirekodi mpaka jua likazama. Toleo litachelewa na wenzangu ofisini watanuna, lakini nimefurahi mno.

Nikirudi, nieleze ulivyoniona siku ya kwanza. Miaka yote hii nawauliza watu wengine habari zao, wewe bado sijakuuliza. Neema mbusu, na wewe ulale salama, mpenzi wangu.

Baba Neema