Ng'ombe wa Mume Wangu Anaonekana Kama Mbwa

Shangazi Hyasinta mpendwa,

Nakupigia magoti, nisaidie, ndoa yangu inataka kuvunjika kwa ajili ya ng'ombe wa ukutani. Mume wangu Nassibu ni fundi wa kuandika mabango hapa Musoma, na tangu serikali ifungulie watu biashara kila mtu ana duka na kila duka linataka picha, basi mwezi uliopita Mzee Machage akampa kazi ya kuchora ng'ombe kwenye bucha yake mpya pale Mwisenge, akachora siku nzima jua linamchoma, kisha akaniita, "Mama Mwamvita, unaonaje?" Mimi nikaona mbwa, Shangazi, mbwa kabisa, masikio yamesimama na mkia umejikunja juu ya mgongo, lakini nikamwonea huruma nikasema, "Mashaallah, huyu hata maziwa unamkamua!"

Sasa wateja wakaanza kupita mbali. Jumamosi nilikwenda kununua utumbo nikamkuta mama mmoja, Wankyo, anamuuliza Machage, "Kwani hapa mnauzaga nyama gani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini, nikasema kwa sauti, "Hata mimi siku ya kwanza nilitaka kumfukuza kwa jiwe!" Kugeuka, mume wangu huyo nyuma yangu na kopo la rangi. Akainama, akaandika chini ya picha kwa herufi kubwa: HUYU NI NG'OMBE. Shangazi, hapo ndipo watu walipozidi kuogopa.

Tangu hapo brashi hashiki, na neno lake kwangu ni moja tu, niende bucha nikakiri mbele ya watu kwamba ni ng'ombe. Na Machage anasema picha isiporekebishwa atapaka chokaa ukuta mzima. Je, nikiri?

Kudura, Musoma, 1988

Kudura,

Usikiri! Uongo mmoja umetosha. Alikuuliza rangi ikiwa mbichi, kosa linafutika kwa kitambaa, ukampa mashaallah. Kisha ukweli uliomnyima mkiwa wawili ukaenda kuumwaga bucha, tena kwa kicheko. Ningekuwa yeye ningenuna pia. Pole, najua kumkosoa umpendaye ni kazi, lakini kazi hiyo uliikimbia.

Muombe radhi kwa kule kumcheka, si kwa yale macho yako yaliyoyaona. Msifu kwa lililo zuri kweli: herufi zake zinasomeka, hilo mmelithibitisha. Usimwambie "hujui kuchora", maana hilo atalirekebishaje? Mwambie masikio yalale, mkia ushuke, pembe zionekane. Nendeni Bweri kwenye malisho, amtazame ng'ombe mzima mpaka ng'ombe mwenyewe aone haya.

Nawe Nassibu, najua unasoma: picha inayohitaji kuandikiwa jina haijakwisha. Mkeo akikuonyesha sikio, tazama sikio, usidhani anakuonyesha mlango.

Na wewe Kudura, mkirudi malishoni, mpakulie chakula umuulize mchuzi wako ukoje. Akianza kusema, funga mdomo usikilize mpaka amalize.

Shangazi Hyasinta