Kwa Ambrose, Lodi wa Askerdale: Kiti Chako Kimepata Mtu

Ni mwaka mmoja sasa tangu Hester aingie jikoni asubuhi, buti zake zimejaa matope ya zizini, akaniambia, "Mama, keti kwanza. Baba ametutoka." Kondoo walikuwa wanazaa wakati ule, kama wanavyozaa leo.

Ambrose, ulikuwa mtu wa maneno machache. Miaka yote uliyokwenda London kwenye Baraza la Malodi, ulisimama kusema mara moja tu, na ulichosema ni habari ya mifereji ya mashamba. Walipowaondoa barazani ninyi malodi wa kurithi, ulirudi na treni ya jioni, ukavua kofia, ukauliza, "Kondoo wamekula?"

Koti lako lilikuwa na viraka mpaka juu ya viraka. Mvua ikinyesha ulikuwa ukizunguka vyumba vya juu na ndoo zako, na kila ndoo uliijua inakaa wapi. Mtu akilalamikia baridi ya nyumba hii ulimwambia, "Vaa soksi ya pili." Mtu akifiwa kijijini, wewe ulifika kabla ya kasisi, na ulikaa naye bila kusema neno.

Jambo moja lilikukosesha raha katika majira yako ya mwisho ya baridi. Mungu alitupa mtoto mmoja, Hester, na cheo cha ulodi hakimwendei binti. Babu yako aliandika kwamba nyumba na shamba vifuate jina la Lodi. Basi vyote vilikuwa vinamwendea Desmond, mjukuu wa ndugu wa babu yako, anayefundisha watu kuendesha magari huko Leicester, ambaye ulimwona mara moja tu, harusini. Ulinishika mkono ukasema, "Lavinia, Hester atakwenda wapi?"

Sasa nikwambie yaliyotokea siku tuliyokuzika, maana hukuyaona.

Tuliporudi kutoka kanisani chakula kilikuwa tayari, nasi tukasimama ukumbini. Unajua desturi yetu, haingii mtu kula kabla ya Lodi. Desmond naye kwao amefundishwa kuwapisha wanawake na wazee. Akajibanza pembeni ya mlango, mikono nyuma. Sisi tunamngoja yeye, yeye anatungoja sisi. Kasisi akakohoa. Hakuna aliyesogea.

Bi Dobbs, mpishi wetu, akatoa kichwa jikoni. "Lodi au si Lodi, supu inapoa! Mnangoja ifufuke?"

Desmond akashtuka. "Kumbe mnaningoja mimi? Nilidhani mnasali!"

Hester akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe, na tulicheka sote, Mungu atusamehe, na nguo zetu nyeusi.

Desmond akaingia, akasimama nyuma ya kiti chako, akakishika. Hapo kicheko kilikwisha. Nilimwona Hester anaitazama mikono ya Desmond juu ya mbao ya kiti.

"Mzee alipougua, hapa alikaa nani?" Desmond akauliza.

"Hakukaa mtu," nikamwambia.

"Na shamba nani aliliendesha?"

Bi Dobbs akadakia, huku anapakua na kumwonyesha Hester kwa upawa, "Huyo hapo. Hata panya wa nyumba hii wanamwamkia."

Desmond akakivuta kiti. "Basi dada, keti. Jina mmenipa, sikuliomba, nitalibeba. Lakini nyumba hii mimi hata choo sijakiona kiko wapi."

"Na mimi silali kwenye baridi hii," akasema Maureen mkewe. "Desmond, nakwambia mbele ya kasisi, usijaribu."

Hester akakataa. "Hicho ni kiti cha Lodi." Ukaidi huo ni wako. Akala upande wa dirishani, na Desmond akala upande wa pili, wanatazamana, kiti kitupu katikati.

Desmond hakurudi nyuma. Alikwenda kwa wanasheria, akatia sahihi, na tangu mavuno shamba na nyumba ni vya Hester. Jina la Lodi limebaki kwa Desmond, na wanafunzi wake wanamtania, "Mheshimiwa Lodi, breki iko wapi?"

Hata hivyo Hester hakukikalia kiti chako. Mwaka mzima alikipita kama anavyopita madhabahu.

Leo alasiri ameingia, amekesha na kondoo. Ameuliza, "Mama, chai ipo?" akajitupa kitini bila kutazama ni kipi. Nimekuja na chai nikamkuta kichwa kimeegemea pale palipolainishwa na kichwa chako. Sikumwamsha. Nimemfunika koti lako.

Tunaokukumbuka, Ambrose, ni mimi mkeo Lavinia. Desmond, Lodi wa sasa, na Maureen. Bi Dobbs aliyekupikia tangu ujana wake. Na binti yako Hester. Nilitaka kumsomea haya kwanza, lakini amelala. Hatutakusahau kamwe.