Kioo cha Tabasamu

Jumatatu, 3 Machi

Wametuwekea vioo mezani, kila mpokea simu na chake. Meneja anasema mteja hulisikia tabasamu hata kama hakuoni, basi tujitazame tukiongea naye. Nimejitazama kutwa nzima nikiomba radhi kwa ving'amuzi ambavyo sikuviharibu mimi. Uso umechoka jamani.

Bibi Harusi anakaa nyuma yangu, tunamwita hivyo kwa manukato yake. Kioo chake alikigeuzia ukutani. Akaitwa ofisini. Aliporudi alikigeuza tena, akaanza kutabasamu.

Jumanne, 4 Machi

Mama anapasuliwa Alhamisi. Nimeomba ruhusa ya siku moja tu. Meneja kanishika bega: hapa sisi ni familia, mwanangu, na familia haikimbiani simu zikifurika. Anauma huku anapuliza. Halafu eti kizazi chetu hakina subira — yeye aliolewa, kesho yake akarudi kazini!

Nikajibu sawa. Chuo nimemaliza, miaka imekwenda, na neno ninalolimudu ni hilo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepitia hospitali jioni. Nilikusudia kumwambia Mama kwamba naacha kazi. Sijawahi kuipenda, hata siku ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili: huyu ndiye wangu wa ofisini, ana meza yake mwenyewe.

Nikamnyooshea shuka.

Akauliza kama kesho nitakuwepo akizinduka. Nikasema sawa, Mama.

Alhamisi, 6 Machi

Niko kazini. Nilitoka nyumbani niende hospitali, nikajikuta mlangoni hapa. Najichukia.

Simu zetu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Nimeomba niachiwe yangu, Dada yuko hospitali, atapiga. Nimeambiwa utaratibu ni utaratibu.

Naandika nyuma ya karatasi ya matangazo. Kuna mzee kwenye laini, kaanza kunisimulia king'amuzi chake tangu kiliponunuliwa.

Namba ya Dada!

Iko kwenye skrini, kwenye foleni ya wateja. Amepiga huduma kwa wateja kunitafuta. Yuko nyuma ya watu wengi, anasikilizishwa ule muziki wetu na ile sauti inayosema simu yako ni muhimu kwetu. Siwezi kumvuta mbele. Mashine ndiyo inayogawa, anampata yeyote aliye huru. Nikimkatia huyu mzee, naandikiwa onyo.

Nikate. Kata basi, wewe.

Mzee anaendelea. Foleni inasogea.

Namba imetoka kwenye foleni. Si kwangu. Nyuma yangu Bibi Harusi anasema karibu, nikusaidie nini — namwona kwenye kioo changu, meno yote nje.

Sasa anasema pole, pole sana. Meno siyaoni tena. Anavua hedifoni polepole, anasimama, ananitazama.

Mzee anauliza kama bado nipo.

Nipo, mzee wangu. Nakusikiliza.