Kwa Hodan, Aliye Griftu na Waya Mdomoni

Hodan, aabo,

Nakuita jina unaloniita wewe, kama ilivyo kwetu: mtoto humwita baba yake aabo, na baba humrudishia.

Barua hii utaisoma kwenye simu ya mtu mwingine. Simu ya ayeeyo, bibi yako, hula jua, na tangu mvua ianze jua limekwenda likizo. Nikipiga naambiwa nijaribu baadaye. Kwa hiyo nimeiweka kwenye kundi la wasapu la madalali wa mifugo, wa Garissa na wa Griftu, na naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichojifunza kuandika, kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Yeyote aliye Griftu, akimaliza kuuliza bei ya mbuzi, tafadhali ainuke aende kwa mama yangu, nyumba ya nyuma ya kisima, amwonyeshe mjukuu wake. Najua utaona haya, aabo. Na mimi naona haya. Watu hawa wananijua kama mtu asiyetoa siri.

Niko Modogashe. Maji yamekata barabara, malori yamepanga foleni, na mimi nimekaa juu ya gunia la mchele la mtu nisiyemfahamu. Ameniambia nikae vizuri, mchele ni wa arusi.

Unakumbuka meno yako yalivyoanza? Ulipofika darasa la sita yalikuwa yamebanana kama watu mlangoni pa ofisi ya vitambulisho, kila mmoja anadai yeye ndiye aliyefika alfajiri. Chonge zikakosa pa kukaa, zikapanda juu ya wenzao. Ukaanza kucheka huku umeziba mdomo kwa ushungi. Baadaye ukaacha kucheka, ukawa unatafuna upande mmoja tu, na fizi zikitoka damu unameza kimya. Mimi nilisema utakua yatajipanga. Mama yako akasema, "Yatajipanga wapi? Nafasi iko wapi? Kesho tunakwenda kwa daktari."

Daktari yule wa kupanga meno, anayekuja Garissa mara moja kwa mwezi kutoka Nairobi, alikulaza kwenye kiti na mimi nikasimama nyuma yake nikichungulia. Ungetaka nifanye nini? Hiyo ndiyo kazi yangu. Mnyama sijui umri wake mpaka nimwone meno. Nikamwambia, "Ya mbele yako sawa, shida ni haya ya tatu." Akaniangalia juu ya miwani.

"Mzee, huyu hauzwi. Kaa."

Nikakaa. Ulicheka mpaka kioo chake kidogo kikaanguka sakafuni. Sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo kwa muda mrefu, na nikaona kudharauliwa na daktari si jambo baya sana.

Aling'oa mawili ya juu ili mengine yapate nafasi, kisha akagandisha vile vyuma vidogo, kimoja kwa kila jino, na kupitisha waya. Siku ya kwanza shuleni wasichana walikuzunguka. Uliporudi uliniigizia sauti zao: "Kumbe serikali imetukumbuka! Reli imefika Garissa, imeanzia kwa Hodan." Ulisema hukukasirika. Ulisema uliwajibu kwamba abiria wapange foleni. Mama yako akawa anakutwangia nyama ya ngamia kwenye kinu mpaka ikawa kama uji, na majirani wakauliza kama tumepata mtoto mchanga. Mswaki wa mti ukakatazwa kuutafuna, kwa hiyo nikawa nakulainishia ncha mimi, nakuletea uko tayari. Nilidhani hayo ndiyo mateso yote. Nilidhani tunayamudu.

Na sasa nifike kwenye vidole, kwa sababu ndivyo vilivyotufikisha hapa.

Ulipokuwa mdogo ulipenda kukaa ubavuni mwangu sokoni, pale ninaposhikana mkono na mwenzangu chini ya shuka. Sisi hatutaji bei mbele za watu. Tunabonyezana vidole, kila kidole kina maana yake, na waliosimama pembeni hubaki kukodoa macho. Ulijua hesabu hiyo kabla ya hesabu ya shule. Kwa hiyo kwenye kile kiti, ukiwa umejaziwa vyuma huwezi kusema, nilitandaza mtandio wako juu ya mikono yetu na tukakubaliana: kidole kimoja, maumivu kidogo, viwili, yamezidi, mkono mzima, namwambia daktari asimame.

Kila mwezi daktari alikaza waya. Kila mwezi ulinibonyeza kidole kimoja.

Mimi huyo nikaenda sokoni kuringa. Nikawaambia madalali, nina binti ambaye chuma hakimtishi, anapindwa mdomo mzima na bado kidole kimoja. Walio kwenye kundi hili wananikumbuka. Mmoja alinijibu kwamba basi ujasiri huo umeurithi kwa mama yako. Wote tukacheka.

Shule zikafungwa ukaenda kwa ayeeyo, urudi kabla ya zamu ya daktari. Hukurudi. Daktari alikuja, kiti kikawa kitupu, akaondoka. Nikapiga simu juzi, ikapita kwa bahati.

"Mama, nipe Hodan."

"Hodan hataki simu. Mdomo wake unatoka damu, ataongea na nini?"

"Lakini alisema haumii sana."

"Alikwambia kwa mdomo?"

"Kwa kidole. Kimoja. Kila mara kimoja."

Nikasikia mvua kwenye mabati yake. Kisha akasema, "Abdi, umezeeka sokoni na hujaerevuka. Anayeanza na kidole kimoja ni nani?"

"Mnunuzi."

"Ehe. Mtoto alikuwa ananunua."

Nimelifikiria neno hilo kutoka Garissa hadi hapa, na bado halijaisha. Umekaa sokoni nami miaka yote hiyo, umeona anayepandisha haraka akichekwa, umeona biashara ikivunjika kwa kidole kimoja cha ziada. Kumbe ulidhani ukiongeza kidole daktari atafunga mkoba wake, mama yako atalia, na mimi nitaaibika mbele ya wale niliowaringia. Kwa hiyo ukashikilia bei ya chini. Hakuna aliyekwambia kwamba pale wewe ndiye mwenye mali. Mwenye mali huanza juu, aabo. Huanza juu kabisa, na hakuna anayemlaumu.

Ayeeyo aliniambia waya umefyatuka nyuma na unachoma shavu, na kwamba anaufunika kwa ubani aliotafuna. Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba kuna fundi wa bodaboda hapo Griftu mwenye koleo nzuri, na umekubali. Ijumaa, baada ya sala, atavitoa vyuma vyote. Nikaanza kusema hapana. Simu ikazima.

Leo ni Alhamisi.

Nimempigia daktari kutoka hapa, mvua inanipiga, nikiwa nimeziba sikio moja. Amesema koleo isikuguse. Vile vyuma vimegandishwa. Ukivivuta vitaondoka na ngozi ngumu ya jino, na pengine na jino lenyewe. Na ile nafasi ya mawili aliyong'oa, mengine yataiangukia ovyo ovyo, na hayo mawili hayarudi. Amesema ncha ya waya isukumwe taratibu kwa mgongo wa kijiko, irudi ilale juu ya jino, na ikikataa isilazimishwe. Nilipomweleza ubani akacheka kidogo. "Bibi aendelee nao. Ni akili nzuri."

Hapa nimejaribu kila kitu. Nilimwomba mwenye trekta anivushe, akasema hata trekta lina mama. Nikavua viatu nikaingia majini, vijana wakanirudisha wamenishika kwapa kama mwizi. Mmoja akaniuliza, "Mzee, kwani unakimbilia nini huko? Una mgonjwa?"

"Binti yangu."

"Anaumwa nini?"

"Meno."

Wakacheka wote. Meno! Kisha yule aliyenishika aliniangalia usoni, akaacha kucheka, akaenda kunitafutia chai. Nimeinywa. Sikumbuki kama ilikuwa na sukari.

Hodan, sikuandikii ili nikushawishi. Nimeshawishi watu maisha yangu yote, na leo sina maneno ya kazi hiyo. Ukitaka nyaya zitoke, zitatoka. Tutakwenda wote kwa daktari, atazitoa yeye kwa vifaa vyake, jino kwa jino, na mama yako nitamkabili mimi. Ukitaka kuendelea, tutaendelea, na safari hii utapiga kelele mpaka watu wa barabarani waingie ndani kuuliza. Chonge zikibaki juu ya wenzao mpaka uwe ayeeyo, wewe ni binti yangu yule yule. Hilo lingetakiwa kusemwa mapema, na si mbele ya madalali.

Na wewe fundi, kama ndugu yangu mmoja kwenye kundi hili anakujua: sina ugomvi nawe, najua ulitaka kusaidia. Lakini nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, kesho tengeneza pikipiki.

Mama, msukumie waya kwa kijiko. Mpe maziwa ya ngamia, ya baridi. Mwambie nakuja, na kwamba hata maji haya hayawezi kukaa barabarani milele, ingawa ukiyaona leo unaweza kudhani yamenunua kiwanja.

Mwaka mzima, aabo, kila asubuhi nimekusihi ufungue mdomo: nione, nisafishe, nihesabu vyuma. Leo nakuomba neno moja tu, na naliomba nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, walio hapa ni mashahidi. Ufunge. Fundi akija na koleo ufunge, akija na maneno matamu ufunge, hata ayeeyo akikuagiza umfungulie, ufunge, na usimfungulie mtu mpaka uone mtu mwenye tope mpaka kiunoni anaingia uani bila viatu.

Baba yako,
Modogashe, upande wa huku wa maji